Nchi Isiyo na Shangazi

Komoro nilikuwa naijua kwa hati za mizigo:
mbuzi mia mbili, vitunguu, saruji,
muhuri wa forodha, sahihi yangu pembeni.
Mchana karani bandarini, usiku Keko Machungwa
naozesha watu kwa kalamu ya kuazima.

Ndivyo nilivyompeleka Eliamani Moroni,
kijana wa Usangi, sauti ya besi kanisani,
akampende Zaliha, liwa usoni.
Nikaweka volkano,
maana kisiwa cha mapenzi hakikosi moto.
Nikaweka adhana,
kwa kuwa alfajiri yangu ilikuwa kimya mno.
Nikamtoa bibi harusi kwao analia,
leso imelowa, anakwenda kwa mume.
Kijitabu kikauzwa Kariakoo, shilingi elfu mbili,
kati ya soli za viatu na dawa ya mende.

Akaja Bi Moinaecha.
Anashona kofia Mtaa wa Sikukuu, mzaliwa wa Ngazija.
Alitukuta kiwandani Gerezani, kijitabu mkononi,
ukurasa wa sitini umekunjwa sikio.
Salamu aliimeza.
"Huyu analia nini?
Kwetu nyumba ni ya mwanamke.
Baba huanza kumjengea binti angali mdogo,
tofali leo, tofali mwakani.
Anayehama ni mume.
Anayebeba sanduku ni mume!
Umemliza mtoto wa watu bure,
ukamtoa katika nyumba yake mwenyewe."

Nikampa kiti, akakataa.
Nikampa chai, akanywa.

Naelijwa, mpiga chapa wetu, akaona mlango uko wazi:
"Basi na mimi nina langu.
Sura ya nane kijana anaimba besi.
Sura ya tisa yuko msikitini, safu ya mbele.
Katikati umeandika: Akasilimu, wakaoana.
Maneno mawili na mkato!
Kipaimara changu kilikula Jumamosi za miaka miwili.
Wewe umemvua dini kama koti la mvua."

Bwana Kagaruki, mwenye kiwanda, hakuinua macho kwenye kikokotoo:
"Rahisi. Futa Komoro, weka Zumaridia.
Dini, andika 'imani yao'.
Nani atakuja hapa kulalamika?"

Nikajaribu, wiki nzima.
Zumaridia mvua hainyeshi mpaka niitake.
Waumini wake hufunga wasione njaa,
huomba, dua ikagonga dari ikarudi.
Eliamani alishuka bandarini
na hakuna aliyemwuliza:
wewe mtoto wa nani, unasali wapi?
Akapenda siku hiyohiyo, akapendwa.
Ukurasa wa tatu hadithi imekwisha.

Nchi ya kubuni haina shangazi
wa kukuvuta sikio mbele za watu.
Nilidhani hiyo ndiyo faida yake.

Jana nikaenda Sikukuu na daftari.
Bi Moinaecha anashona, haniangalii.
Nikauliza: funguo za nyumba hukaa kwa nani?
Na mume, usiku ule wa kwanza, viatu anaviacha wapi?
Na wakigombana, nani hutoka nje?
Mawili akajibu.
La tatu akakata uzi kwa meno: "Hilo si la kuandika."
Nikaandika kwamba si la kuandika.

Sasa saa sita usiku, umeme umekatika,
nashikilia simu kwa kidevu nipate mwanga.
Sura ya tisa nimeifumua.
Zaliha hatoki tena; amesimama mlangoni pake,
macho makavu, anangoja.
Huku Eliamani yuko chumba cha kupanga, Chang'ombe.
Sanduku li wazi kitandani:
mashati matatu, wembe, picha ya mama yake.
Kitabu cha nyimbo bado kiko mkononi.
Hakitii ndani, hakirudishi rafuni.

Naelijwa amepiga mara mbili, anaulizia kurasa.
Nimemwambia asubiri,
kuna mtu anafungasha.